Kudai taulo za kike kwa njia ya sheria Zanzibar: mwongozo kamili, kutoka duka la shehia hadi Baraza la Wawakilishi, Chukwani

Julai 2018 Tanzania Bara iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, kwenye taulo za kike. Mwaka mmoja baadaye kodi ikarudi. Serikali ilieleza katika bajeti ya 2019/20 kwamba bei madukani haikushuka, kwa hivyo msamaha haukumnufaisha mlaji. Yeyote anayetaka kudai sheria ya taulo za kike Unguja na Pemba aanzie hapo. Kodi ikiondolewa peke yake, pesa inaweza kuishia kwa muagizaji na muuzaji wa jumla, na msichana wa Micheweni, Pemba, akabaki na kitambaa chake kile kile.

Mwongozo huu ni wa jumuiya za wanawake, kamati za skuli, wasaidizi wa sheria na Wawakilishi wanaotaka kuandika hoja itakayosimama. Msimamo wetu tunausema mapema: daini kwanza wajibu wa kutoa taulo bure penye uhitaji mkubwa, wenye idadi, mtu wa kuulizwa na kasma, yaani fungu lake maalumu, ya bajeti. Kodi ije pamoja nao au baada yao. Wengi huanzia kwenye kodi kwa sababu ni rahisi kuitamka, wakasherehekea, na mambo yakaishia hapo.

Nani ana mamlaka juu ya kipi

Hoja nyingi hufia mlango usio wake, basi hili lieleweke kabla ya barua ya kwanza.

VAT si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya VAT ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mara nyingi, na inasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA. Msamaha uliotolewa Bara haukuwa, kwa nguvu zake wenyewe, msamaha wa Zanzibar. Baraza la Wawakilishi linaweza kubadilisha sheria hii bila ya kungoja Dodoma.

Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, na viwango vyake vimefungwa ndani ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Unakusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, hata mzigo ukiteremshwa bandari ya Malindi, Unguja. Hoja ya forodha hupita wizara ya fedha ya Zanzibar, kisha ya Muungano, kisha kikao cha mawaziri wa fedha wa nchi wanachama kabla ya bajeti, na matokeo hutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya. Ni njia ndefu. Msiifunge pamoja na hoja ya VAT ndani ya barua moja, kwa sababu atakayeipokea atakuwa na jawabu rahisi: hili haliko kwetu.

Skuli za msingi na sekondari, hospitali, Vyuo vya Mafunzo wanamofungwa wahalifu, ustawi wa jamii: vyote hivi viko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wajibu wa kutoa taulo katika sehemu hizo unaweza kuwekwa na sheria ya Zanzibar moja kwa moja. Mabaraza ya miji na halmashauri yana uwezo wa kutunga sheria ndogo, na hizo zinafaa zaidi kwa mambo ya vyoo vya masoko na taka.

Jambo la mwisho katika mamlaka ni pesa. Muswada unaoweka au kuondoa kodi, au unaoutwisha Mfuko Mkuu wa Hazina mzigo mpya, hauendi popote bila ya Serikali kuukubali. Mwakilishi anaweza kuwasilisha muswada binafsi au hoja binafsi, lakini akiwasilisha kifungu cha matumizi bila ya wizara ya fedha kujua, kitaondolewa. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika katika ofisi za makatibu wakuu na wakurugenzi wa bajeti, miezi mingi kabla ya kikao cha Chukwani.

Someni sheria ilivyo leo

Tafuteni nakala ya Sheria ya VAT pamoja na Sheria za Fedha za miaka mitano iliyopita. Sheria ya Fedha hutungwa kila mwaka na kurekebisha sheria nyingine nyingi kwa mkupuo, kwa hivyo nakala ya zamani ya sheria kuu inaweza kuwa haina kifungu kilichoongezwa juzi. Fungueni majedwali ya misamaha mwishoni na msome kila mstari. Kama taulo za kike zimetajwa, angalieni zimetajwa kwa maneno gani na kama pedi za kitambaa zimo. Kama hazikutajwa, hilo ndilo pengo lenu.

Fanyeni hivyo hivyo kwa sheria ya elimu, Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 na kanuni za Vyuo vya Mafunzo. Mnatafuta kifungu kinachompa Waziri uwezo wa kutengeneza kanuni. Mara nyingine kanuni inatosha, nayo haihitaji muswada. Wasaidizi wa sheria wa shehia, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar ni watu wa kuwashirikisha katika hatua hii, hata kama mna uhakika mmeisoma vizuri.

Takwimu za bei: kazi ya wiki mbili

Hamtaweza kuthibitisha kwamba bei imeshuka kama hamkuipima kabla. Hili ndilo linalosahauliwa kuliko jambo jengine lolote, na ndilo linaloamua kama msamaha utadumu mwaka wa pili.

Chagueni maduka 40: 10 ya jumla na ya rejareja mjini Unguja, Darajani na maeneo ya jirani, 10 katika miji ya Pemba, yaani Chake Chake, Wete, Mkoani na Konde, na 20 ya vijijini, yakiwemo ya visiwa vidogo kama Tumbatu, Kojani na Kisiwa Panza. Kwa kila duka jazeni karatasi moja: tarehe, shehia, jina la bidhaa, idadi ya vipande ndani ya paketi, bei ya paketi, mwenye duka aliinunua wapi na kwa bei gani, na kama anatoa risiti ya kodi. Jina la mwenye duka lisiandikwe, mpeni namba. Muuzaji akihisi anachunguzwa na kodi atawapa bei isiyo yake.

Linganisheni bei kwa kipande, kamwe si kwa paketi. Kuna paketi za vipande 7, za 8 na za 10 zinazofanana kwa nje, na njia rahisi ya kupandisha bei bila ya mtu kugundua ni kupunguza kipande kimoja. Andikeni pia kama duka linauza kipande kimoja kimoja. Msichana mwenye shilingi mia tatu mkononi hununua hivyo, na mara nyingi ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote kwa kila kipande.

Kisha hesabuni mahitaji. Kipimo cha kuanzia ni siku 5 kwa vipande 4 kila siku, yaani 20 kwa mwezi. Mzunguko wa kawaida ni kama siku 28, kwa hivyo mwaka una hedhi 13, si 12. Mara 20, unapata vipande 260. Kwa paketi za vipande 8 ni paketi 33 kwa mwaka. Wapo wanaotumia pungufu na wapo wanaohitaji zaidi, hasa wenye hedhi nzito. Sheria iseme kiwango cha chini na iache nafasi ya kuongeza.

VAT: msamaha au kiwango cha sifuri

Hapa maneno mawili yanayokaribiana yana matokeo tofauti, na wengi huyachanganya.

Bidhaa ikisamehewa, muuzaji hatozi VAT anapouza, lakini pia harudishiwi VAT aliyolipa kwa malighafi, umeme na usafirishaji. Gharama ile inabaki ndani ya bei. Bidhaa ikiwekwa kiwango cha sifuri, muuzaji aliyesajiliwa hatozi kitu anapouza na ana haki ya kurudishiwa alicholipa. Afrika ya Kusini ilichagua kiwango cha sifuri kuanzia tarehe 1 Aprili 2019. Kwa mlaji, kiwango cha sifuri ni bora. Kwa Hazina ni ghali zaidi na kinaleta kazi ya kurejesha pesa, ndiyo maana maofisa wa kodi hupendelea msamaha. Jiandaeni kwa mabishano hayo.

Fanyeni hesabu kwa uaminifu. Tukichukua VAT ya asilimia 15, paketi inayouzwa shilingi 2,000 pamoja na kodi ina kodi ya 2,000 mara 15 gawa kwa 115, yaani kama shilingi 261. Si 300. Bei ikishuka kwa kodi yote itakuwa 1,739. Mkienda kwenye kamati mkisema itashuka kwa shilingi mia tatu, mtaulizwa swali moja tu na hoja nzima itatiliwa shaka. Na mseme wazi kwamba nafuu ya shilingi 261 haimsaidii asiyekuwa na 1,739.

Kuna mtego mwengine kwa wanaoshona pedi za kitambaa nyumbani. Kikundi cha ushoni kisichosajiliwa VAT hakitozi kodi hiyo, lakini kinailipa kila kinaponunua flana, kitambaa kisichopitisha maji na vifungo. Pedi kutoka nje ikisamehewa wakati malighafi zinatozwa, kikundi chenu cha Wete kinashindana na bidhaa iliyobebeshwa mzigo mdogo kuliko wake, na kiwango cha sifuri hakikisaidii kwa sababu hakijasajiliwa. Dawa yake ni kuingiza malighafi zilizotajwa kwa majina kwenye jedwali la msamaha, au kuvipa vikundi hivi sehemu maalumu ya ununuzi wa Serikali. Sisi tungechagua ya pili, kwa kuwa kitambaa hutumika kwa mambo mengi na ofisa wa kodi atakataa kusamehe flana nzima.

Kuhusu namba: forodha duniani huweka pedi na tamponi chini ya namba 9619, na humo humo zimo nepi za watoto. Mkiandika namba peke yake mmesamehe nepi pia, gharama kwa Hazina itaongezeka na wizara itakuwa na sababu ya kukataa. Mkiandika jina peke yake, ofisa wa bandarini atabaki na hiari ya kutafsiri. Wekeni vyote viwili, pamoja na tafsiri ya neno ndani ya sheria.

Kuandika kifungu cha wajibu

Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote. Kenya iliandika wajibu wake mwaka 2017, kwa kurekebisha sheria yake ya elimu ya msingi: kila msichana aliyebaleghe na aliyesajiliwa katika skuli ya umma apatiwe taulo bure, za kutosha na zenye ubora, pamoja na njia salama ya kuzitupa zilizotumika. Ni maneno mazuri. Udhaifu wake ni kwamba anayeacha skuli anapoteza haki siku ile ile, na "za kutosha" bila ya idadi hugeuka kuwa kile kilichopatikana kwenye bajeti.

Scotland ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya 2021, iliyoanza kufanya kazi kikamilifu tarehe 15 Agosti 2022, inazitaka mamlaka za mitaa na taasisi za elimu kuhakikisha anayehitaji bidhaa za hedhi anazipata bure, bila ya usumbufu mkubwa, kwa kuchagua aina inayomfaa na kwa kulindiwa heshima yake. Kila mamlaka lazima iwashauri watumiaji na itangaze hadharani itatekelezaje. Zanzibar haina mapato ya Scotland, lakini mambo mawili yanaigika bila ya gharama kubwa: heshima kuandikwa ndani ya sheria, na kila mamlaka kutangaza mpango wake.

Haya hapa maneno ya kuanzia. Mwanasheria atayanyoosha, lakini msikubali maana ipotee.

Tafsiri: "taulo za kike" maana yake ni bidhaa yoyote iliyotengenezwa mahsusi kwa kupokea au kukusanya damu ya hedhi au ya nifasi, yaani ya baada ya kujifungua, iwe ya kutumika mara moja au ya kufuliwa na kutumika tena, na inajumuisha pedi, pedi ya kitambaa, tamponi na kikombe cha hedhi, lakini haijumuishi nepi.

Wajibu: "Waziri mwenye dhamana ya elimu atahakikisha kwamba kila mwanafunzi aliyeanza hedhi katika skuli ya Serikali anapatiwa, bila ya malipo, taulo za kike zenye ubora zinazomtosha kwa mwaka mzima ikiwemo kipindi cha likizo, kwa idadi isiyopungua iliyowekwa katika Jedwali."

Heshima: "Hakuna mtu atakayetakiwa kuthibitisha kuwa yumo katika hedhi, kutaja siku zake au kueleza hali ya kipato cha familia yake ili apatiwe taulo za kike."

Wengine: "Wajibu huo utawahusu pia, kwa marekebisho yanayofaa, wagonjwa na wanawake waliojifungua waliolazwa katika hospitali za Serikali, wanawake walioko katika Vyuo vya Mafunzo na wasichana wenye umri wa kwenda skuli ambao hawamo skulini."

Fedha: "Kutakuwa na kasma maalumu kwa madhumuni ya Sheria hii, na fedha zilizoidhinishwa katika kasma hiyo hazitahamishwa kwa matumizi mengine bila ya idhini ya Baraza."

Ripoti: "Waziri atawasilisha ripoti ya utekelezaji mbele ya Baraza kabla ya tarehe 31 Machi kila mwaka, ikionesha kwa kila wilaya idadi iliyohitajika, iliyonunuliwa na iliyofika."

Wekeni idadi kwenye jedwali na si kwenye kifungu chenyewe, kisha mpeni Waziri uwezo wa kuiongeza kwa tangazo, lakini si wa kuipunguza. Kuhusu neno la kuamrisha: "atahakikisha" linafunga, "anaweza kuhakikisha" halifungi kitu. Wanasheria wa Serikali hulibadilisha kimya kimya katika rasimu ya tatu au ya nne. Someni kila rasimu upya tokea mwanzo.

Kifungu cha wasiokuwa skulini ndicho cha kwanza kukatwa pesa zikibana. Kiteteeni kwa mifano ya mahali: wasichana wanaolima mwani na mama zao, wanaokaa ndani ya maji ya bahari kwa saa nyingi bamvua likitoka, wafanyakazi wa ndani mjini, wenye ulemavu waliofungiwa majumbani. Njia ya kuwafikia ipo tayari: kituo cha afya cha karibu, kupitia wahudumu wa afya wa jamii. Sheha, yaani kiongozi wa shehia, aorodheshe vituo, asiorodheshe wasichana. Orodha ya majina ya wanaoingia mwezini ikikaa ofisini kwa sheha, hakuna atakayekwenda kuandikishwa.

Bajeti ya mfano

Chukueni wilaya yenye wanafunzi 3,000 waliokwisha kuvunja ungo. Paketi 33 kwa kila mmoja, kwa bei ya jumla ya mfano ya shilingi 1,500, ni 49,500 kwa mwaka. Kwa wote ni 148,500,000. Ongezeni asilimia 5 ya akiba kwa zinazoharibika na wanaoongezeka katikati ya mwaka: 155,925,000. Usafirishaji uwe mstari wake peke yake; ukifichwa ndani ya bei ya paketi, Pemba na visiwa vidogo vitaumia.

Seti ya pedi za kitambaa inapunguza gharama sana. Vipande 6, chupi 2, mfuko usiopitisha maji na vipande vya sabuni kwa miezi mitatu, kwa mfano wa shilingi 20,000, ni milioni 60 kwa wanafunzi hao hao. Tahadhari: pedi ya kitambaa bila ya chupi haikai, na bila ya maji na jua ni maradhi. Ifuliwe kwa maji baridi kwanza, kwani ya moto hugandisha damu kwenye uzi, kisha sabuni, kisha ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Msichana akiona haya ya kuianika uwani ataificha chini ya godoro ikiwa mbichi, na muwasho utaanza mwezi ule ule. Pale visima vina maji ya chumvi sabuni haitoi povu, na kitambaa hukakamaa. Kwa hiyo msiruhusu wizara igawe kitambaa pekee kwa sababu ni rahisi. Sheria iseme mtumiaji anachagua, na skuli isiyokuwa na maji matamu ipewe pedi za kutupa.

Kalenda

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mkifika Chukwani mwezi wa Juni mmechelewa mwaka mzima.

Agosti na Septemba fanyeni takwimu za bei na kusoma sheria. Oktoba andikeni rasimu na mkutane na wakurugenzi wa mipango wa wizara za elimu na afya. Ndio wanaoandika makadirio, na hoja ikiingia kwenye makadirio yao hamna haja ya kupigana nayo tena baadaye. Novemba hadi Januari peleka maombi ya maandishi wizara ya fedha na ZRA, ya VAT peke yake. Februari hadi Aprili ndiyo wakati makadirio yanapopunguzwa. Ulizeni kila wiki mbili kama kasma yenu bado ipo na ina kiasi gani. Mei na Juni ni Baraza.

Mkikosa mwaka huu, msisubiri. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo wa Mwakilishi wenu unaweza kuanza na skuli mbili, na matokeo yake yakawa ushahidi wa mwaka ujao.

Mbele ya kamati

Muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, na kamati huita wadau. Nafasi ni fupi. Pelekeni waraka usiozidi kurasa tatu, uliopangwa hivi kwa kila kifungu: namba ya kifungu, maneno yaliyomo, maneno mnayopendekeza, sababu kwa sentensi mbili, gharama. Wajumbe hutumia waraka wa namna hii wanapotaka marekebisho Baraza linapokaa kama Kamati ya Kutunga Sheria. Waraka wa kurasa 30 unaoeleza umuhimu wa mtoto wa kike hausaidii mtu anayetafuta maneno ya kuingiza mstari wa nne.

Watakaozungumza wawe watatu: mwalimu anayeshughulikia wasichana, mhasibu au mtu anayezijua zile hesabu, na mwanasheria. Msimpeleke mwanafunzi kusimulia hedhi yake mbele ya kamera. Haki yake haitegemei kuaibishwa kwanza.

Wajumbe wanaume wengi hukwepa macho mada hii ikitajwa. Lugha ya kuwafikia ipo. Hedhi, nifasi na twahara ni masomo ya chuo cha Kurani, kila aliyesoma fiqhi, yaani sheria za dini, ameyapitia, na maimamu huyazungumza bila ya kificho. Kaeni na masheikh wa wilaya mapema. Anayeweza kusema mbele ya watu kwamba kujisitiri na kujisafisha wakati wa hedhi ni stara na si anasa anafungua milango ambayo takwimu haziifungui.

Maswali matatu yatakuja bila ya shaka. "Kwa nini Serikali inunue pedi wakati dawa hazitoshi?" Jibuni kwa gharama ya kila mwanafunzi na kwa siku za masomo zinazopotea kwenye daftari za mahudhurio za skuli mlizozipima nyinyi wenyewe; msitumie takwimu za nchi nyengine. "Bara walijaribu wakashindwa." Jibuni kwa utaratibu wenu wa kufuatilia bei, ulioelezwa hapa chini. "Wafadhili wapo." Mfadhili huondoka mradi ukiisha, na hakuna anayeweza kumwita Chukwani kujieleza.

Ununuzi na ugawaji: hapa ndipo sheria nzuri huharibika

Kanuni zitungwe ndani ya miezi sita, na tarehe hiyo iwemo kwenye sheria. Ndani ya kanuni wekeni sifa za bidhaa: urefu wa milimita 240 kwa mchana na 280 au zaidi kwa usiku, gundi inayoshika kwenye joto, kila kipande ndani ya mfuko wake, tarehe ya kutengenezwa, na alama ya ubora inayokubaliwa na Taasisi ya Viwango Zanzibar. Zabuni inayotazama bei ya chini tu italeta pedi zinazobanduka saa mbili baada ya kuvaliwa, na wasichana watazitupa.

Kabla ya kupokea mzigo, chukueni paketi 5 kutoka maboksi tofauti. Mwagieni kipande mililita 10 za maji ya rangi, subirini dakika moja, ongezeni 10 nyingine, kisha bonyezeni karatasi laini juu. Karatasi ikilowa chapachapa au maji yakitokea upande wa chini, mzigo urudishwe ukapimwe maabara. Jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo cha wataalamu, lakini linazuia aibu ya wazi.

Gaweni mara mbili kwa mwaka. Mara nne ni ghali kwa visiwa vidogo, na mara moja skuli nyingi hazina pa kuweka. Panga mzigo wa Kojani, Fundo na Tumbatu ufike kabla ya upepo wa kusi kuchafua bahari, na mzigo wote ufike kabla ya masika. Ghala liwe na chaga za mbao, maboksi yasiguse sakafu wala ukuta, cha zamani kitoke kwanza. Pedi iliyonyonya unyevu haina dalili kubwa kwa nje ila gundi imekufa.

Kila msichana apewe sehemu yake ya miezi sita aende nayo nyumbani, na skuli ibakiwe na sanduku la dharura lenye vipande 20 kwa kila wasichana 100 kila mwezi, likae chooni au kwa mwalimu wa kike, si ofisini kwa mwalimu mkuu.

Choo nacho kiwemo ndani ya sheria hii, maana pedi bila ya pa kubadilishia haifai. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni tundu moja kwa wasichana 25. Mlango ufungike kwa ndani, maji yawe ndani ya choo chenyewe, pawe na msumari wa kutundika mkoba na ndoo yenye mfuniko. Pedi za kutupa zina plastiki, haziozi shimoni, na hulijaza shimo haraka. Aliyepewa kazi ya kutoa ndoo na kuchoma kwenye tanuri aandikwe kwa cheo chake, alipwe na apewe glavu, la sivyo kazi itawaangukia wanafunzi wenyewe.

Kufuatilia bei na pesa

Rudini kwenye maduka yale yale 40 siku ya 30, ya 90 na ya 180 baada ya msamaha kuanza. Siku ya 30 msitarajie mengi, wafanyabiashara bado wanauza mzigo walioulipia kodi. Siku ya 90 bei ya jumla ingepaswa kuwa imeshuka. Ikiwa bei ya jumla imeshuka na ya rejareja haijashuka, tatizo liko kwa wauzaji wadogo na tangazo redioni la bei inayotarajiwa linaweza kusaidia. Ikiwa ya jumla haikushuka, angalieni kwanza thamani ya shilingi na gharama ya meli kabla ya kumlaumu mtu; zikiwa hazielezi, pelekeni takwimu zenu kwa chombo kinachosimamia ushindani halali wa biashara, na nakala kwa kamati ya bajeti ya Baraza.

Kwa upande wa pesa, ombeni taarifa ya fedha zilizoidhinishwa na zilizotolewa kila robo mwaka. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo habari. Kila mkuu wa skuli asaini hati ya mapokezi yenye idadi ya maboksi na tarehe, na nakala moja ibaki kwa kamati ya skuli. Mwisho wa mwaka jumlisheni hati hizo na muweke jumla yenu kando ya idadi iliyomo kwenye ripoti ya Waziri ya Machi. Zikipishana, pelekeni karatasi zote mbili kwa Mwakilishi wa jimbo aulize swali la maandishi, na kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wakati anapoanza ukaguzi wa wizara.